Adui Anapewa Dakika Ngapi?

Jaime na Cersei Lannister ni pacha. Tumbo moja, nyumba moja ya kitajiri, baba mmoja mkali. Katika Game of Thrones (HBO, 2011 hadi 2019) wanatenda dhambi ileile, tena pamoja: wanalala kama mume na mke. Katika sehemu ya kwanza kabisa mtoto mdogo anawachungulia dirishani, na anayemsukuma aanguke kutoka juu ya mnara ni Jaime. Cersei hakumgusa. Kwa anayetaka kujua jinsia inamfanyia nini mhusika mbaya, ni vigumu kupata mizani safi kuliko hii. Damu ni moja, rangi ni moja, malezi ni yale yale na kosa ni lile lile. Kinachobaki ni kwamba mmoja ni mwanamume.

Sasa tazama hukumu zao. Jaime anakatwa mkono wa kulia katika msimu wa 3, sehemu ya 3. Sehemu mbili baadaye yuko ndani ya maji ya moto, mgonjwa, hoi, anamweleza Brienne, mwanamke mpiganaji, kwa nini alimuua mfalme aliyekuwa ameapa kumlinda: mfalme huyo alikuwa amepanga kuuteketeza mji mzima na watu wake. Ni dakika chache tu za maneno, lakini kamera haimtoki usoni, na mbele yake yupo mtu mwadilifu anayesikiliza na kubadili mawazo. Sisi watazamaji tunabadilika pamoja na msikilizaji huyo. Tangu hapo Jaime si mtu mbaya tena, ni mtu aliyejikwaa. Msimu uliotangulia alikuwa amemuua ndugu wa ukoo wake mwenyewe kwa kumpiga hadi kufa, ili tu apate mwanya wa kutoroka. Waulize mashabiki wake kama wanamkumbuka hata kwa jina. Msimu uliofuata alimlazimisha Cersei kimwili kando ya maiti ya mtoto wao, na tamthilia haikuligusia tena jambo hilo hadi mwisho.

Cersei anahukumiwa mwishoni mwa msimu wa 5, Juni 2015. Ananyolewa nywele, anavuliwa nguo zote na kutembezwa mitaani, mtawa akipiga kengele nyuma yake na umati ukimtupia uchafu. Adhabu ya Jaime ilimpa nafasi ya kusema. Ya Cersei ilimpa watu wa kumtazama. Ni kweli kwamba maonyesho yale yalitengenezwa tumhurumie, na Lena Headey, aliyemwigiza, aliyabeba kwa uso wake peke yake, kwa kuwa mwili ulikuwa wa mwigizaji mwingine. Lakini kumhurumia mtu kwa sababu anadhalilishwa si sawa na kumwelewa. Sababu za Cersei nazo zipo: unabii aliotabiriwa akiwa msichana, kwamba atavaa taji na kuwazika watoto wake wote. Waandishi waliuweka kwenye ufunguzi wa msimu wa 5, miaka minne tangu watu waanze kumchukia.

(Kama hujamaliza tamthilia ninazozitaja humu, uhondo nimekwisha kukuharibia. Nitaendelea kuuharibu.)

Mjadala wa wabaya kwenye televisheni mara nyingi huishia kwenye kuhesabu vichwa: majambazi wangapi ni weusi, wauaji wangapi ni wanawake. Hesabu hiyo ina maana yake, lakini haifiki mbali. Chuki na msamaha wa mtazamaji hutengenezwa kwa vitu vinavyopimika ndani ya muswada: dakika, mpangilio wa taarifa, nani anakuwepo kusikiliza, na nani anabaki kwenye fremu baada ya kosa. Vitu hivyo hugawiwa kwa upendeleo, na upendeleo huo umekaa kwa miongo mingi upande wa mwanamume mweupe.

Sehemu ya kwanza ya Breaking Bad (AMC, Januari 2008) ni somo kamili la namna ya kumtengeneza mhalifu apendwe. Ukiacha dakika chache za ufunguzi, kabla Walter White hajavunja sheria kwa kupika dawa za kulevya, tunajua kwamba ametimiza miaka 50, anafundisha kemia kwa wanafunzi wasiomsikiliza, jioni ana kazi ya pili kwenye kituo cha kuoshea magari, na mmoja wa wanafunzi hao anamkuta huko amepiga magoti akisugua magurudumu ya gari lake. Mkewe ni mjamzito. Kijana wao ana ulemavu. Halafu saratani ya mapafu isiyofanyiwa upasuaji. Mzigo wote huo umepakiwa kabla ya kosa, na mpangilio huo ndio unaofanya kazi. Jeraha likitangulia kosa, mtazamaji hulipokea kama sababu. Likija baada ya kosa, hulisikia kama kisingizio.

Mbinu ya pili ni kumweka mhalifu wako karibu na mtu mbaya kuliko yeye. Watu wawili wa kwanza kufa kwa mkono wa Walter ni wauza dawa Emilio na Domingo, huyu wa pili akiitwa Krazy-8, na hakuna mweupe kati yao. Emilio anakufa kwa hewa ya sumu. Domingo anafungwa shingo kwa kufuli la baiskeli ndani ya chumba cha chini ya nyumba, na Walter anamtengenezea mikate, anazungumza naye, anagundua kwamba kitanda cha mtoto wake kilinunuliwa kwenye duka la fanicha la baba yake Domingo. Walter anaandika orodha: upande wa kumwacha hai una sababu kadhaa, upande wa kumuua una moja tu, kwamba akiachiwa ataiangamiza familia yake. Kisha anamnyonga. Ni maonyesho mazuri sana. Ila angalia kifo kile kinamhusu nani. Domingo amepewa ubinadamu wa dakika chache ili kufa kwake kuitese dhamiri ya Walter. Nyumbani kwake, kwa baba yake mwenye duka, kamera haiendi.

Halafu kuna Skyler, mke. Hapa waliochambua tamthilia hii wengi hukimbilia kusema watazamaji ni wabaguzi wa wanawake, wakaishia hapo. Ni kweli, lakini ipo mashine iliyoisaidia chuki hiyo, na ukiielewa utaikuta kwenye tamthilia nyingi. Misimu miwili mizima Skyler hajui tunachojua sisi. Kila anapouliza mumewe alikuwa wapi, anakuwa anachelewesha maonyesho tunayoyasubiri. Maswali yake ni ya mwanamke yeyote mwenye akili aliyeolewa na mtu anayetoweka usiku, ila sisi tumeshafanywa washirika wa uongo. Anapogundua ukweli mwanzoni mwa msimu wa 3 na kutaka talaka, kwa mtazamaji anaonekana mkatili kwa mgonjwa. Analala na bosi wake, na kosa hilo moja likapigiwa kelele kuliko kifo cha Jane, msichana aliyekuwa anapaliwa na matapishi usingizini huku Walter amesimama pembeni anamtazama hadi akate roho.

Anna Gunn, aliyemwigiza, aliandika makala kwenye New York Times Agosti 2013 akieleza jinsi chuki dhidi ya Skyler ilivyovuka mpaka ikamfikia yeye mwenyewe, hadi vitisho vya kuuawa. Mwaka huohuo alishinda Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, kwa kazi ileile. Wanaojitetea husema walimchukia kwa sababu alikuwa kizuizi. Sawa, tumlinganishe na kizuizi kingine: Hank, shemeji yake Walter, askari wa dawa za kulevya, ambaye kazi yake yote ni kumkamata mtu tunayemshabikia. Hank hakuchukiwa hivyo. Yeye amepewa msako wake mwenyewe, ana ushahidi anaoufuatilia, na kuna nyakati anajua jambo kabla ya Walter kujua kwamba amelijua. Kizuizi kinachotembea ni mpinzani. Kizuizi kilichoketi jikoni kinauliza maswali ni kero. Waandishi ndio walioamua nani atembee na nani aketi. Baadaye walimpa Skyler kazi, akaanza kusafisha fedha haramu kupitia kituo kilekile cha kuoshea magari, kwa akili na kwa mahesabu. Kufikia hapo watu walikuwa wameshaamua.

Dexter (Showtime, 2006 hadi 2013) inatupa upande wa rangi, na inatupa wazi kiasi cha kutia aibu. Dexter Morgan ni muuaji wa watu wengi anayefanya kazi polisi Miami. Jeraha lake liko mapema na ni kubwa: akiwa na miaka mitatu aliona mama yake akikatwakatwa kwa msumeno wa injini ndani ya kontena. Katika kituo kizima, mtu anayemshuku tangu siku ya kwanza ni mmoja tu, Sajenti James Doakes, mweusi. Doakes yuko sahihi. Ana akili ya upelelezi kuliko wenzake wote. Lakini ameandikwa kwa matusi, macho makali na hasira isiyopumzika, na nyumbani kwake hatukai. Mtu mwenye ukweli amevalishwa mavazi ya adui. Mwisho wa msimu wa 2, Desemba 2007, analipuliwa ndani ya kibanda huko kwenye vinamasi vya Everglades, tena na mtu mwingine, ili mikono ya Dexter ibaki na usafi wake. Kisha mauaji ya Dexter yote yanabandikwa jina la Doakes. Miaka mitano baadaye Kapteni LaGuerta, mwanamke wa asili ya Kuba, anaanza kulisafisha jina hilo. Naye yuko sahihi. Naye anapigwa risasi, mwisho wa msimu wa 7. Dexter aliachwa hai, mkata magogo, na tangu hapo wamemrudisha kwenye tamthilia mpya zaidi ya mara moja.

Mweusi anapokuwa adui mkuu mwenye akili, hutokea jambo jingine: historia yake huja kwa kuchelewa, au huja siku ya kufa. Gus Fring wa Breaking Bad, aliyeigizwa na Giancarlo Esposito, ni miongoni mwa maadui bora waliowahi kuandikwa, na sidhani kuna atakayebisha. Nadhifu, mpole, mwenye migahawa ya kuku, anayepanga mambo miaka kabla. Katika msimu wa 3 anamkaribisha Walter nyumbani kwake na kumpikia. Vitu vya kuchezea vya watoto vimetapakaa sebuleni, lakini watoto wenyewe hatujawahi kuwaona. Kumbukumbu yake moja kubwa, ile ya rafiki yake kuuawa mbele yake, inakuja sehemu ya 8 ya msimu wa 4. Sehemu ya 13 amekwisha lipuliwa nusu ya uso. Mtazamaji anamheshimu Gus, anamwogopa, hamjui. Dakika za yeye kukaa mahali, kunywa mvinyo na kumtazama mtu kwa mapenzi zilikuja Julai 2022, ndani ya Better Call Saul, tamthilia iliyozaliwa na Breaking Bad, karibu miaka 11 baada ya kifo chake kwenye skrini.

Luke Cage (Netflix, Septemba 2016) ilitengenezwa na Cheo Hodari Coker, mweusi, waigizaji wengi weusi, mtaa wa Harlem, kwa hiyo hapa huwezi kulaumu macho ya wageni. Mahershala Ali ni Cottonmouth, mwenye klabu ya muziki na silaha chini ya meza. Katika sehemu ya 7 kati ya 13 tunapelekwa kwa mbinu rejeshi hadi utotoni kwake: alikuwa mtoto wa kinanda, nyumba ikamlazimisha kuwa mtu wa bunduki. Sehemu hiyohiyo anauawa na binamu yake. Mfungulie mtu moyo asubuhi, umzike jioni. Nusu ya pili ya msimu ilipwaya, kwa maoni yangu kwa sababu hiyo moja, maana aliyeletwa kumrithi hakuwa na kinanda wala chochote cha namna ile. Lakini tamthilia ilifanya jambo la maana kwa yule binamu. Mariah Dillard, aliyeigizwa na Alfre Woodard, mwanamke mweusi wa makamo, alipewa misimu miwili ya kuharibika polepole: siasa, hofu, mapenzi na mwanamume, chuki na binti yake. Kwa mwanamke wa umri wake na rangi yake, nafasi hiyo ni adimu mno.

Hali hii ina mizizi. Kuanzia 1952 vituo vya televisheni vya Marekani vilifuata kanuni za chama cha watangazaji, ambazo zilitaka uhalifu uonyeshwe kuwa kitu kisichotamanika na kisichostahili huruma. Kanuni zilidumu hadi 1983. Wakati huohuo Wamarekani weusi walikuwa na vita vyao vingine. Amos 'n' Andy, vichekesho vya wahusika weusi, ilirushwa na kituo cha CBS kuanzia 1951 hadi 1953, NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, ikaipinga kwa kuwadhalilisha weusi, na ilipoondoka haikuacha nyuma yake nafasi nyingi kwa waigizaji hao. Mwaka 1968 NBC ilileta Julia: muuguzi, mjane wa rubani aliyekufa Vietnam, mama mwema, nyumba safi, asiye na doa. Diahann Carroll aliyemwigiza alisifiwa na kulaumiwa kwa pamoja, kwani wengi waliuliza ni mweusi gani huyo anayeishi bila shida zao. Baada ya muda mrefu, 1984, alijiunga na Dynasty, tamthilia ya familia za kitajiri, kama Dominique Deveraux, tajiri, mjeuri, mwenye ulimi wa kukata, nafasi aliyoitaka mwenyewe. Alisema wazi anataka kuwa mwanamke mweusi wa kwanza mwenye roho mbaya kwenye tamthilia za aina ile. Watu hucheka wakisikia hilo. Kwangu ni dai zito la haki. Aliyeruhusiwa kuwa mwema tu bado amefungwa, maana kosa moja linamtoa kwenye ubinadamu wake.

Minyororo ilipolegea, ililegea kwanza kwa HBO, inayolipiwa na watazamaji wala haimwogopi mtangaza sabuni. Ni mwaka 1999, sehemu ya 5 ya The Sopranos: Tony, bosi wa mafia, anamnyonga mtu kwa mikono yake, mchana, safarini akimtembeza binti yake vyuoni. Mkuu wa HBO alihofia watazamaji watamkimbia Tony. Suluhu ikawa kumwongezea ubaya yule anayeuawa, ajaribu kumuua Tony kwanza. Unaona? Mbinu ileile ya adui mbaya zaidi. Watazamaji hawakukimbia, na mlango uliofunguka ukapitwa na David Chase, David Milch, Matthew Weiner, Vince Gilligan: wanaume weupe wakiandika wanaume weupe wanaozeeka vibaya. Simlaumu mtu kwa kuandika anachokijua. Nauliza tu nani mwingine alikuwa chumbani.

The Wire (HBO, 2002 hadi 2008) ilitoka mlango huohuo ikafanya tofauti, na haikuhitaji kuwageuza weusi malaika. Sehemu 60, Baltimore, wauza dawa wengi wao weusi, na wanaua. Siri yake ni ya kiufundi: magenge yana vikao vyao kama polisi walivyo na vikao vyao, na kamera inahudhuria vyote. D'Angelo anawafundisha vijana chesi katika sehemu ya 3 tu. Stringer Bell anasoma uchumi chuoni, kisha tunamwona anaendesha kikao cha wauza unga kwa utaratibu wa mwenyekiti. Snoop, mwanamke, muuaji, anauliza nywele zake zinaonekanaje sekunde chache kabla ya risasi. Hakuna anayekufa ili mzungu apate somo. Tuzo za Emmy ziliiteua mara mbili tu, zote kwa uandishi, na haikushinda hata moja.

How to Get Away with Murder (ABC, 2014 hadi 2020) nayo ilifanya lake. Viola Davis alisisitiza kwamba mhusika wake, Annalise Keating, avue wigi mbele ya kamera, na katika sehemu ya 4 anavua, anatoa kope, anafuta vipodozi, kisha ndipo anamkabili mumewe kwa swali zito. Mwanamke mweusi mwenye damu mikononi alipewa chumba cha kulala, kioo na muda wa kuwa peke yake. Septemba 2015 Davis akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Emmy ya mwigizaji mkuu wa tamthilia. Villanelle wa Killing Eve alipendwa kirahisi zaidi: kijana, mweupe, mcheshi, gauni la waridi lenye mawimbi ya kitambaa. Mwanamke muuaji anasamehewa haraka akiwa anapendeza kutazamwa.

Kwa walioikulia telenovela, mfano wa adhabu ya kijinsia mnao. Rubí (Televisa, 2004) ni msichana mzuri mwenye tamaa ya mali. Mwisho wake anaanguka kutoka juu, uso unaharibika, anakatwa mguu. Kosa lake lilikuwa kuutumia uzuri, basi uzuri ndio uliotozwa. Wenyeji wa asili na weusi wa Mexico, kwa upande wao, hata huo uadui hawakuupata. Walikuwa wanaleta chai.

Ukitaka kupima tamthilia mwenyewe, chukua sehemu nne: ya kwanza, ya tatu, ya katikati na ya mwisho. Andaa karatasi na saa ya simu. Kwa kila mhusika mbaya andika dakika alizokuwepo bila steringi, yaani mhusika mkuu, kuwepo. Hizo peke yake ndizo dakika zake, nyingine ni za steringi. Andika sababu yake ilitajwa sehemu ya ngapi, na kosa lake la kwanza lilikuwa sehemu ya ngapi. Baada ya kila kosa, hesabu sekunde kumi na uone ni uso wa nani uko kwenye fremu: wa mtenda, wa mtendwa, au wa shahidi. Tafuta kama kuna mtu anayempenda na anayetamka hivyo. Mwisho angalia kifo: kimeonyeshwa au kimesimuliwa, mwili umeonyeshwa mzima au vipande, na ni nani analia.

Zoezi hili lina mitego. Mtego mkubwa ni kuamini dakika tupu. Skyler alikuwa na dakika nyingi sana; tatizo lake ni kwamba alizitumia akiwa hajui. Kwa hiyo ongeza safu ya pili: katika maonyesho haya, anajua zaidi yetu, sawa na sisi, au chini yetu? Mhusika anayejua chini ya mtazamaji kwa zaidi ya sehemu tano mfululizo anaanza kuonekana mjinga au msumbufu, na hapo jinsia inamaliza kazi. Mtego mwingine ni mwigizaji. Esposito anaweza kukufanya uone moyo wa Gus kwa kupepesa jicho, ukaandika "amepewa" wakati muswada haukumpa. Zima sauti, au soma mazungumzo peke yake.

Kuna jambo ambalo karatasi hiyo hailioni kabisa, nalo ni taa. Adui hupigwa mwanga mdogo wa upande mmoja, nusu ya uso gizani. Kwa ngozi nyeupe nusu iliyobaki inasomeka vizuri, mpaka mkunjo wa mdomo. Kwa ngozi nyeusi, mwanga uleule na mpangilio uleule wa kamera humeza uso, yakabaki macho na meno, na mtazamaji anaogopa kitu kisicho na hisia. Filamu za kamera za Kodak zilipimwa kwa miongo mingi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na mazoea ya mafundi yakafuata. Ava Berkofsky, aliyesimamia picha za Insecure ya HBO, ameeleza anavyofanya: ngozi ipakwe kilainishi ili irudishe mwanga, mwanga usielekezwe moja kwa moja bali udundishwe kwenye kitambaa au ubao mweupe mpana, kisha chujio la polaraizi kwenye lenzi litumike kupunguza au kuongeza mng'ao. Makosa ninayoyaona mara nyingi kwenye kazi zetu ni mawili: kuongeza taa kali usoni, jambo linalofanya paji la uso ling'ae kama limemwagiwa mafuta, au kupaka poda kavu inayoua mng'ao wote. Badala yake weka mwanga mwembamba nyuma ya bega utenganishe kichwa na ukuta, na usimsimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe huku kamera ikijipimia mwanga yenyewe.

Kwa wanaoandika tamthilia huku kwetu, rangi haifanyi kazi kama Marekani, ila jinsia inafanya, na wahusika wake tunawajua: mama mkwe, mama wa kambo, mke mdogo, mwanamke mwenye fedha asiyeolewa. Mwanamume aliyezini hupiga magoti sehemu ya mwisho akasamehewa. Hawara wake huwa kichaa. Kama una msimu wa sehemu 13, weka sababu ya mama mkwe kabla ya sehemu ya 3, na kabla ya kitendo chake cha kwanza kibaya. Kila sehemu mpe maonyesho mawili bila mkamwana, na katika moja kati ya hayo asiwe anapanga njama: anahesabu hela ya kikoba, anagombana na fundi bomba, anamjibu dada yake aliyempigia simu. Mpe rafiki anayempinga usoni. Ukifika kwenye adhabu, jiulize mume wake angeadhibiwa vipi kwa kosa hilo, kisha uandike hiyo.

Na kwa watafsiri wa sauti, wanaorithi kazi ya kina Lufufu na DJ Afro ya kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, nguvu yenu ni kubwa kuliko ya mwandishi. Mtazamaji wa kibanda umiza, banda la kuonyeshea filamu mtaani, anamjua adui kwa sauti mliyompa kabla hajatenda lolote. Mke akiingia kwenye fremu, msimwite king'ang'anizi kabla hajafungua kinywa. Mwacheni aulize swali lake la kwanza kwa sauti ya kawaida, na mlitafsiri lote.